Kufunga Mgodi wa Wazi Ungali na Malori: Mwongozo wa Miaka Mitano ya Mwisho

Tani moja ya mawe ikihamishwa leo na lori la mgodi, dereva yupo, dizeli ipo tangini na fundi yupo gereji. Tani hiyohiyo ikisubiri hadi mgodi umeshafungwa, utatafuta mkandarasi. Utamlipa kuleta mitambo, utamlipa kuirudisha ilikotoka, na siku hizo hakuna dhahabu inayoingia ya kumlipa. Mwongozo huu umesimama juu ya jambo hilo moja: kazi yoyote ya kufunga inayohitaji mitambo mizito ifanyike wakati mitambo ipo na mgodi bado unaingiza fedha.

Nimeuandika nikiwafikiria mameneja, wahandisi na maofisa mazingira wa migodi ya dhahabu ya Kanda ya Ziwa na Tabora, pamoja na watu wa halmashauri ambao mara nyingi huitwa mezani mambo yakiwa yameshaiva. Tanzania si wageni wa jambo hili tena. Golden Pride ya Nzega imeshafungwa, Tulawaka ilibadili mikono, Buzwagi imefungwa, na migodi mingine mikubwa iliyoanza miaka ya 2000 umri wake unasonga.

Hatua ya 1: Tenganisha tarehe tatu

Ukiuliza mgodi unafungwa lini, utatajiwa mwaka mmoja. Jibu hilo halikusaidii kupanga. Kuna siku ya mlipuko wa mwisho shimoni, kuna siku mtambo wa kuchenjua utakapotoa dhahabu ya mwisho, na kuna siku Serikali itakapokubali kulipokea eneo. Kati ya moja na nyingine hupita miaka. Buzwagi, pale Kahama, ulianza uzalishaji 2009. Uchimbaji shimoni ulikoma 2018, lakini kinu kiliendelea kusaga mbale, yaani mawe yenye dhahabu, zilizokuwa zimerundikwa juu hadi 2021.

Kipindi hicho cha kati ndicho chenye thamani kuliko vyote. Shimo limenyamaza, malori hayana safari za kutosha, madereva bado wako kwenye orodha ya mishahara, na kinu kinaendelea kuleta fedha. Kishawishi kinachokuja wakati huo ni kuuza malori mapema kwa sababu kwenye vitabu yanaonekana yamekaa bure. Usiyauze kabla hujaorodhesha kila mita ya ujazo ya mawe na udongo inayotakiwa kuhama kwa ajili ya kufunga, ukaigawa kwa uwezo wa malori uliyonayo, ukajua miezi mingapi ya kazi imebaki. Ukishapata idadi hiyo ndipo uamue yapi yaende na yapi yabaki.

Jiulize pia kama kweli ni mwisho. Tulawaka, wilayani Biharamulo, ulipoachwa na mwenyewe wa kwanza mwaka 2013 ulichukuliwa na STAMICO, shirika la madini la Taifa, ukaendelea kwa jina la STAMIGOLD. Geita, shimo la Nyankanga lilipofikia kina ambacho kuondoa mawe ya juu hakulipi tena, uchimbaji ukashuka chini ya ardhi. Kwa hiyo kabla hujaacha maji yajae au hujarudishia kifusi shimoni, mjiolojia asaini karatasi inayosema nini kimebaki chini ya sakafu na kwa nini hakifuatwi. Bila karatasi hiyo, miaka kumi baadaye mtu atakuja kulidai shimo, na wewe utakuwa umelifunika.

Hatua ya 2: Hesabu upya mbale za mwisho

Mgodi mzee huishi kwa marundo. Mbale zilizoonekana hafifu miaka ya neema ziliwekwa pembeni, na sasa ndizo akiba. Hesabu yake ni tofauti na ya mbale za shimoni, kwa sababu gharama ya kuzilipua na kuzipandisha ilishalipwa zamani.

Tuseme kuchenjua tani moja ni dola 18, utawala na ulinzi na kambi dola 5, kupakia tena kutoka kwenye rundo dola 2. Jumla 25. Gramu moja ya dhahabu, ukishatoa mrabaha na ada nyingine, inakuachia dola 60, na mtambo unakamata asilimia 88 ya dhahabu iliyomo. Asilimia 88 ya 60 ni 52.8. Gawanya 25 kwa 52.8, unapata gramu 0.47 kwa tani. Rundo la gramu 0.5 linalipa, japo kwa mbali.

Sasa chukulia rundo hilo ni la mbale zenye salfaidi (madini yenye salfa) na limenyeshewa na kupigwa jua kwa miaka minane. Uso wa madini umeoza, sayanaidi, kemikali ya kuyeyushia dhahabu, na chokaa vinatumika zaidi, na ukamataji umeshuka hadi asilimia 75. Gawanya 25 kwa 45: gramu 0.56. Rundo lilelile, gramu zilezile, sasa linakula fedha. Ndiyo maana hulipangii bajeti rundo kwa kumbukumbu za siku lilipomwagwa. Litoboe, chukua sampuli za ndani na si za pembeni ambako mkono unafika kirahisi, kisha zipitishe kwenye majaribio ya maabara.

Angalia pia ile dola 5 ya utawala. Kinu kikisaga nusu ya uwezo wake inakuwa dola 10, kwa kuwa walinzi, umeme wa kambi na gari la wagonjwa havipungui kwa nusu. Marundo mengi ya mwisho huuawa hapa. Ni nafuu kusaga kwa nguvu zote kwa miezi 14 ukazima, kuliko kujikokota miezi 28.

Shimoni kwenyewe, ngazi za mwisho huchimbwa kwa barabara nyembamba ya njia moja, na hatimaye hata barabara yenyewe hukatwa kama ina mbale. Ni utaratibu wa kawaida. Ila ukishaikata huna tena njia ya kushusha pampu wala wapimaji, kwa hiyo mpango wa maji wa hatua ya 6 uwe umeshapitishwa kabla ya mkato huo.

Hatua ya 3: Kuta za shimo

Wengi hukosea hapa kwa kupunguza watu. Bajeti ikibana, mhandisi wa miamba huonekana anasa kwa sababu haleti tani. Na hapo ndipo kuta zina umri mkubwa kuliko wakati wowote: tabaka la juu la udongo laini limenyeshewa misimu mingi, mitaro ya ukingoni imeziba, na vibaraza vilivyowekwa kudaka mawe yanayoporomoka vimejaa na havifikiki tena kusafishwa. Jiwe linalofuata halina pa kudakwa.

Anza na miguu. Kila asubuhi kabla ya zamu kuingia, mtu mwenye macho mazoefu azunguke ukingo wa juu. Akiona ufa, apige rangi kwenye ncha zake zote mbili na aandike tarehe palepale ardhini. Achimbie nondo mbili, moja kila upande wa ufa, na apime umbali kati yake kwa futi kamba. Ufa uliovuka alama ya rangi ya wiki iliyopita hauhitaji ripoti ya kurasa 40 ili kueleweka. Juu ya hapo weka prizimu zinazopimwa na sarveya, na kama shimo ni kubwa, rada.

Vipimo vikianza kuongezeka kasi, kuna njia rahisi ya kukadiria siku ya kuporomoka ambayo kila msimamizi wa shimo anapaswa kuifahamu. Chukua kasi ya ukuta, geuza: gawanya 1 kwa kasi hiyo. Tuseme Jumatatu ukuta umesogea milimita 10 kwa siku, Jumatano 12.5, Ijumaa 16.7. Ukigeuza unapata 0.10, 0.08 na 0.06. Zichore kwenye karatasi ya miraba, unganisha nukta kwa rula, endeleza mstari hadi ukate sifuri. Unakata Alhamisi inayofuata. Makadirio haya si saa ya ukutani, mvua moja inaweza kuyarudisha nyuma siku tatu, lakini hayo yanatosha kukuambia kwamba Jumatatu hakuna mtu wala mtambo chini ya ukuta huo.

Bingham Canyon, shimo la shaba la Utah, Marekani, liliporomoka usiku wa tarehe 10 Aprili 2013. Takriban mita za ujazo milioni 65 zilishuka. Hakuna aliyeumia, kwa sababu mwendo wa ukuta ulikuwa ukifuatiliwa kabla na shimo lilikuwa limeshaondolewa watu. Mitambo mingine ilifukiwa, na mitambo hununuliwa.

Andika viwango vya tahadhari kabla ya haja: kasi gani ni ya kuongeza vipimo, kasi gani ni ya kuondoa watu. Na amri ya kuondoa watu iwe mikononi mwa msimamizi wa zamu, asiye na haja ya kumpigia meneja saa nane za usiku kuomba ruhusa.

Baada ya kufunga, ukingo utaendelea kumomonyoka wenyewe kwa miaka mingi mpaka upate mwinamo wake. Kwa hiyo tuta la kuzuia watu na mifugo haliwekwi pale ukingo ulipo leo. Mwongozo wa Australia Magharibi, ambao wahandisi wengi huutumia, unataka uchore mstari kutoka chini ya ukuta kwenda juu: nyuzi 45 ndani ya mwamba mgumu, nyuzi 25 ndani ya tabaka lililooza. Kwa shimo lenye mita 120 za mwamba mgumu na mita 40 za udongo laini juu yake, mstari huo unatokeza juu ya ardhi mita 206 kutoka chini ya ukuta. Ongeza mita 10, ndipo tuta lianze: kimo kisichopungua mita 2, upana wa chini usiopungua mita 5. Fuata hesabu kwenye ramani yako mwenyewe mapema, maana mara nyingi mstari unapita katikati ya barabara ya kijiji au shamba la mtu, na mazungumzo ya fidia hayaishi kwa mwezi. Tuta lenyewe lijengwe na malori yako, kwa mawe ambayo yangepelekwa kwenye lundo hata hivyo.

Hatua ya 4: Malundo ya mawe taka

Kwa watu wa Geita haya ni magwangala, na ndani yake kuna siasa, matumaini na kemia. Tuanze na kemia.

Miamba mingi yenye dhahabu ina pairaiti, madini ya chuma na salfa. Ikiwa chini ya ardhi, mbali na hewa, haina tatizo. Ukiivunja na kuimwaga juani, oksijeni na maji vinaitengeneza kuwa asidi ya salfa, na asidi hiyo inayeyusha metali nyingine na kushuka nazo bondeni. Huanza polepole. Miamba yenye kaboneti hupunguza makali yake kwa miaka, kila kipimo kinasoma vizuri, halafu kaboneti inaisha. Kwa hiyo maji safi ya mwaka wa kwanza baada ya kufunga si ushahidi wa jambo lolote. Kinachohesabika ni vipimo vya maabara vya uwezo wa mwamba kuzalisha asidi dhidi ya uwezo wake wa kuizima, vikichukuliwa kwenye sampuli za kila aina ya mwamba.

Kama mgodi ulitenganisha mawe hayo tangu mwanzo, una bahati. Kama ulikuwa unamwaga kokote palipo karibu, tumia miaka iliyobaki kurekebisha: mawe yenye pairaiti yaingie katikati ya lundo, yazungukwe na mawe salama pande zote, kisha yafunikwe kwa udongo mzito usiopitisha maji. Hakuna funika kombe mwanaharamu apite. Lundo lililofunikwa juujuu litavujia chini, tena kwa mzee fulani mwenye ng'ombe ambaye hajawahi kusikia neno pairaiti.

Ukanda wa Shinyanga na Tabora una udongo wa mbuga kwa wingi, mweusi na wa mfinyanzi, na ukishindiliwa hukaza vizuri. Tatizo lake wanalijua wakulima wote wa huko: kiangazi hupasuka nyufa zinazomeza fimbo. Usiuache uso wazi. Uweke ukiwa na unyevu, uushindilie kwa matabaka, halafu weka juu yake mawe salama na udongo wa kuoteshea vya kutosha ili jua lisiufikie.

Mwinamo ni jambo la pili. Mawe yakimwagwa na lori hulala kwenye nyuzi kama 37, na kwa mwinamo huo hakuna udongo unaokaa wala mche unaoshika. Kawaida hulazwa hadi nyuzi 18 au 20 kwa buldoza. Piga hesabu ya nafasi kwanza. Lundo la kimo cha mita 30 kwenye nyuzi 37 linachukua mlalo wa mita 40, na kwenye nyuzi 18 linachukua mita 92. Buldoza ikikata juu na kujaza chini, mguu wa lundo unasogea nje kwa nusu ya tofauti, yaani mita 26. Kama mtaro wa maji, uzio au mpaka wa leseni uko mita 15 kutoka hapo, huwezi kulilaza bila kuvunja kitu. Kwa malundo ambayo bado yanamwagiwa, suluhisho ni rahisi: mwaga kwa ngazi fupi zenye kurudi nyuma, ili buldoza ibaki na kazi ndogo ya kusawazisha.

Udongo wa juu uliokwanguliwa siku ya kwanza ndio wenye mbegu na vijidudu. Ukiwa umerundikwa kwa kimo kikubwa kwa miaka 15, sehemu yake ya ndani imekufa. Utandaze upya kwenye rundo fupi, upande majani, uuhuishe miaka miwili kabla ya kuutumia.

Kuhusu miti, huna haja ya kutafuta mtaalamu wa mbali. Mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga), ulioanza Shinyanga mwaka 1986, ulirudisha uoto kwenye maelfu ya hekta kwa kufufua ngitili, utaratibu wa Wasukuma wa kutenga malisho yakapumzika. Migunga na miti mingine ya asili ilirudi kwa sababu watu walikubaliana ng'ombe wasiingie msimu fulani. Waite wazee hao na maofisa misitu. Mikaratusi hupendeza kwenye picha ya mwaka wa pili, lakini inakunywa maji na chini yake hakuoti nyasi za kushika udongo. Na bila makubaliano ya malisho, mbuzi watamaliza miche yote kabla ya mvua ya pili.

Hatua ya 5: Bwawa la topesumu

Bwawa la Brumadinho, Brazil, lilikuwa halijapokea topesumu, yaani tope la mabaki ya kuchenjua, tangu 2016. Tarehe 25 Januari 2019 likapasuka na kuua watu 270. Hapa nyumbani, bwawa la mgodi wa almasi wa Mwadui lilipasuka tarehe 7 Novemba 2022, tope likafika kwenye mashamba na makazi. Bwawa lililoacha kutumika linaendelea kuwa bwawa hadi maji yaliyomo ndani ya ukuta yatoke, na hilo huchukua miaka. Mwezi mtambo unapozimwa si mwezi wa kumwachisha kazi msimamizi wa bwawa.

Fanya mambo haya mtambo ungali unatema tope. Hamisha mabomba ya kumwagia ili tope lenyewe litengeneze mwinamo unaoutaka, wa kupeleka maji ya mvua upande wa njia ya kutokea. Kazi hiyo mabomba huifanya bure. Ukisubiri, utaifanya kwa buldoza juu ya uso laini unaozamisha mashine. Punguza dimbwi la juu na liweke mbali na ukuta. Njia ya kutokea maji ichimbwe kwenye ardhi asilia, kamwe isikatwe kwenye tuta la kujazwa. Vipima shinikizo la maji ndani ya ukuta visomwe kila wiki na grafu yake ikae mahali kila mtu anaiona. Inapaswa kushuka, na ikipanda bila mvua kubwa, simamisha kila kitu utafute sababu.

Sayanaidi hupungua yenyewe kwa jua na hewa, lakini usiiachie bahati. Kanuni ya kimataifa ya sayanaidi inaweka kikomo cha miligramu 50 kwa lita, ya ile inayoachia kirahisi, kwenye madimbwi yanayofikiwa na ndege na wanyama. Tangu Agosti 2020 pia kuna kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa mabwawa haya, kinachomtaka mwenye mgodi amtaje kwa jina mtendaji anayewajibika. Hata kama kampuni yako haijakisaini, chukua sehemu hiyo. Bwawa lisilo na mtu mmoja wa kuulizwa ndilo linaloangushia halmashauri jumba bovu.

Hatua ya 6: Maji ya shimo

Pampu zikizimwa, shimo linageuka ziwa. Swali ni ziwa la namna gani. Berkeley Pit, huko Butte, Montana, pampu zake zilizimwa 1982. Maji yakapanda kupitia miamba yenye salfaidi, yakawa asidi yenye metali, na mwaka 1995 kundi la bata bukini waliotua humo likafa, 342 kwa hesabu. Mtambo wa kusafisha maji yale ulijengwa 2003, na kazi hiyo haina tarehe ya mwisho.

Kwetu Shinyanga na Tabora kuna jambo la ziada: jua linakausha maji mengi kuliko mvua inavyoleta. Ziwa la shimo linaweza kutulia chini ya kiwango cha maji ya ardhini yaliyolizunguka, likawa linavuta maji ya jirani bila kuyarudisha. Uzuri wake ni kwamba uchafu hautoki. Ubaya ni kwamba chumvi na metali zinaongezeka mwaka hadi mwaka, na visima vya karibu vinaweza kushuka. Mtaalamu wa maji ya ardhini akupe makadirio ya miaka 10, 50 na 100, kisha ayapime dhidi ya visima halisi vya vijiji ambavyo Bodi ya Maji ya Bonde inavitambua.

Diwani atakuja na wazo la kuyapeleka maji hayo bombani. Msikilize, si wazo baya. Mwambie tu kwamba maji ya mwaka wa kwanza si maji ya mwaka wa ishirini, na sumu ya aseniki haina rangi wala harufu. Na hata kama hayatanywewa na mtu, acha upande mmoja wa shimo wenye mwinamo wa taratibu, ili mtoto au ndama atakayetumbukia aweze kutoka.

Hatua ya 7: Mitambo, ghala na kemikali

Hapa tupite haraka. Usifanye matengenezo makubwa ya injini yenye maisha ya saa 15,000 kwenye lori lililobakiza saa 6,000 za kazi. Hamisha vipuri kutoka lori lililokufa kwenda lililo hai, kwa karatasi. Acha kununua kwa mazoea: meneja wa ghala awe na orodha ya mwisho ya mahitaji, maana magurudumu yaliyobaki hayauziki kirahisi.

Sayanaidi, asidi na vilipuzi vihesabiwe kurudi nyuma kutoka siku ya mwisho, ili visibaki. Kinachobaki kiondoke kwa utaratibu wa Mkemia Mkuu wa Serikali, na baruti kwa utaratibu wa Tume ya Madini. Vipima ujazo vya mtambo wa kuchenjua vina vyanzo vya mionzi ndani yake. Vitafutwe kimoja kimoja, vilinganishwe na leseni za Tume ya Nguvu za Atomiki, na vitoke kabla fundi wa vyuma chakavu hajaingia na gesi yake. Kimoja kikipotea kwenye rundo la vyuma, hakuna mwenye furaha.

Hatua ya 8: Watu

Wenye ujuzi mkubwa huondoka kwanza, kwa sababu wana pa kwenda. Utabaki na mtambo bila fundi umeme. Ahidi bonasi ya kubaki, kwa maandishi, yenye tarehe na kiasi, kwa nafasi chache ambazo bila hizo huwezi kufunga salama: mhandisi wa miamba, msimamizi wa bwawa, sarveya, fundi wa pampu, mwendeshaji wa buldoza mwenye mkono mzuri.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka utoe taarifa, ueleze sababu na ujadiliane na chama cha wafanyakazi kabla ya kupunguza watu. Kiinua mgongo cha kisheria ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10. Yaani aliyefanya kazi miaka 14 analipwa siku 70. Kila mtu atapiga hesabu hiyo na kununa, kwa hiyo anza mazungumzo ya nyongeza mapema, kabla uvumi wa kantini haujaweka bei yake. Jambo lenye faida kubwa kwa gharama ndogo ni vyeti. Dereva wa lori la tani 90 aliyejifunzia hapohapo mgodini hana karatasi ya kumwonyesha mwajiri mwingine. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana kazini. Walete mgodini wapime watu mitambo ikiwa bado ipo ya kupimia. Na michango ya NSSF ihakikiwe mtu kwa mtu, maana baada ya ofisi kufungwa hakuna wa kumuuliza.

Hatua ya 9: Halmashauri na vijiji

Ushuru wa huduma, unaolipwa kwa asilimia ya mauzo, unaonekana mdogo mpaka siku unapokosekana kwenye bajeti ya halmashauri. Wape mkurugenzi na madiwani makadirio ya kila mwaka hadi sifuri, mapema, kwa Kiswahili na kwa shilingi.

Pitia kila kitu ambacho mgodi ulijenga. Zahanati ina daktari wa nani? Kisima cha pampu ya umeme, LUKU itanunuliwa na nani mwezi wa kwanza baada ya mgodi kuondoka? Kama jibu halipo, kaa na RUWASA, wakala wa maji vijijini, na chombo cha maji cha kijiji, muweke bei ya ndoo na mwenye funguo wakati mgodi bado upo wa kufidia makosa. Majengo yana thamani yakipata mwenyewe wa kweli. Nzega, eneo la Golden Pride lilipata Chuo cha Madini. Buzwagi lilielekezwa kuwa eneo maalumu la kiuchumi, na Barrick, kampuni iliyokuwa na mgodi huo, ikaweka hapo chuo cha kuwafunza wasimamizi wake. Hayo yote yalihitaji umeme, maji na barabara viachwe vikifanya kazi, jambo ambalo lazima liamuliwe kabla nyaya hazijaanza kung'olewa.

Sasa magwangala. Wananchi watayaomba, na wana hoja: kilicho hafifu kwa mtambo mkubwa kinaweza kulisha familia. Lakini ukishafunika lundo kwa udongo wa mbuga halafu watu wakaanza kulichimba, umefungua pairaiti uliyoifungia. Uamuzi ufanyike kabla ya kufunika: rundo lipi, limepimwa, halina asidi wala hatari ya kuporomoka, litengwe mahali pake kwa wachimbaji wadogo wenye leseni, na Tume ya Madini ilisimamie. Mengine yafungwe kwa makubaliano yanayofahamika kijijini.

Ukikaa kimya, intruda, yaani wanaoingia mgodini bila ruhusa, wataamua. Siku ulinzi unapopungua ndiyo siku watu wanashuka shimoni usiku chini ya kuta zilezile za hatua ya 3. Zungumza na vijana na viongozi wao kabla ya siku hiyo. Uzio peke yake huishia kwenye mabanda ya kuku.

Hatua ya 10: Dhamana na makabidhiano

Mpango wa ufungaji hupitiwa na Kamati ya Taifa ya Ufungaji Migodi, na NEMC, baraza la Taifa la mazingira, ina jicho lake chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Dhamana ya ukarabati wa mazingira ipo ili Serikali isibaki na deni mwenye mgodi akiondoka. Kosa la kawaida ni kuikadiria kwa gharama za malori yako mwenyewe. Ikadirie kwa bei ya mkandarasi wa nje, pamoja na kuja na kuondoka kwake, kwa sababu itatumika tu siku wewe haupo. Kisha kila mwaka unaomaliza kazi halisi, lundo limelazwa, tuta limejengwa, omba wakaguzi waje wathibitishe na kiasi kipunguzwe. Hapo mhasibu wako ataelewa kwa nini ulikataa kuuza buldoza.

Masharti ya kupokelewa yaandikwe kwa namba, mapema: pH (kipimo cha asidi) ya maji yanayovuja iwe kati ya ngapi na ngapi, asilimia ngapi ya ardhi iwe na uoto baada ya misimu mitatu ya mvua, kipima shinikizo cha bwawa kisizidi mita ngapi. "Hali ya kuridhisha" ikiandikwa kwenye mpango, mtabishana hadi wote mstaafu.

Visima vya ufuatiliaji viwe na vifuniko vya chuma vyenye kufuli, na namba ichorwe kwenye zege badala ya kibati kinachoibwa. Ramani ya mwisho ionyeshe kilichofukiwa na kilipo: mawe yenye pairaiti, jaa la taka za gereji, mabomba. Nakala moja iende Tume ya Madini, moja NEMC, moja Bodi ya Maji ya Bonde, na moja ofisi ya kijiji, iliyoandikwa kwa Kiswahili, ikiwa na jina la cheo na simu ya ofisi ya kupigiwa endapo maji ya mtaro yatabadilika kuwa na rangi ya kutu.